Mcheza Kwao Hutunzwa: Mbona Katama Mkangi Hatunzwi?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Ngoma ikipigwa na mwenyeji akiingia uwanjani, shangazi zake ndio wa kwanza kumpepea leso na kumbandika noti kwenye paji la uso. Basi nami nauliza, na namwomba mwalimu mlezi wa chama asilikate swali langu: mbona sisi watu wa Pwani tuna mchezaji wa kalamu aliyecheza hapahapa kwetu, akacheza vizuri, na hakuna aliyesimama kumtunza?

Simsemi Shaaban Robert. Huyo tunamjua, na hata mtoto wa darasa la nne humtaja. Namsema Katama Mkangi, mwandishi wa riwaya tatu za Kiswahili: Ukiwa, Mafuta na Walenisi. Niliwauliza wenzangu darasani kama wamewahi kumsikia. Mmoja akadhani ni beki wa Bandari. Mwingine akauliza, "Ni MCA wa wapi huyo?" Tulicheka, lakini baadaye nikaona kwamba jambo lenyewe si la kuchekesha hata kidogo.

Ndugu msomaji, makala haya yanatetea jambo moja tu. Shule za Kwale, kuanzia Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda na Matuga hadi Kinango, zina haja ya kumsoma Katama Mkangi hata kama mtihani haumtaki. Nitaeleza alikuwa nani, kitabu chake kina nini, kwa nini amesahaulika, kisha nitajibu hoja za wale wanaosema aachwe huko huko alipo.

Tuanze na mtu mwenyewe. Katama Mkangi alikuwa Mmijikenda wa upande wa Kilifi. Kazi yake ya mshahara haikuwa kuandika hadithi. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii, yaani mtu anayechunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, nani anakula, nani anashinda njaa, na kwa nini. Alisomea shahada yake ya juu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1983 kilitoka kitabu chake cha Kiingereza kuhusu Wataita, familia zao na mageuzi ya umiliki wa ardhi. Maana yake ni kwamba mtu huyu hakuandika mambo ya ardhi na umaskini kwa kuyasikia barazani. Alikuwa ameyafanyia utafiti.

Riwaya yake ya kwanza, Ukiwa, ilitoka mwaka wa 1975 na inahusu mapenzi ya vijana. Ya pili, Mafuta, ilitoka mwaka wa 1984. Hiyo ni kejeli juu ya wakubwa wanaonenepa huku raia wakibaki ngozi na mifupa. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1986, yeye mwenyewe alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kwa wadogo zetu ambao hawajafika huko katika somo la Historia, wakati huo serikali ya Rais Moi ilikuwa ikiwasaka watu waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga. Wahadhiri kadhaa wa chuo kikuu walichukuliwa, naye Mkangi akiwa mmoja wao.

Mwingine angetoka huko akafunga mdomo, akafuga kuku. Yeye alitoka akaandika tena. Mwaka wa 1995 ikatoka Walenisi. Mwaka wa 1997 alisimama hata kugombea urais kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress. Alishindwa, tena alishindwa mbali sana, lakini alisimama. Mwaka wa 2004 alifariki katika ajali ya barabarani. Sisi tulio kidato cha tatu leo hatukuwa tumezaliwa.

Sasa tuje kwenye Walenisi, maana hapo ndipo penye uhondo. Tamka jina hilo polepole: wale-ni-sisi. Umeona? Kitabu kinaanza kukufundisha tangu jaladani. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, ndiyo, ya vyombo vya kuruka angani, iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu wa kwetu. Mhusika mkuu amehukumiwa na watawala wa nchi yake. Hanyongwi wala hapigwi risasi, bali anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Lakini hafi. Kile chombo kinamfikisha Walenisi, nchi isiyo na bwana wala mtwana, ambako hakuna anayelala njaa ili mwenzake avimbiwe. Mgeni wetu anashangaa kila hatua. Anauliza maswali kama mtoto, naye anajibiwa. Mwisho wake sikwambii, kasome mwenyewe.

Na jina la mhusika huyo je? Anaitwa Dzombo.

Hapo nilipofika niliweka kitabu chini kwanza. Dzombo! Nani katika shule hii asiyemjua Dzombo? Tuna mlima wa jina hilo, ule ambao kwenye ramani huandikwa Jombo, ukielekea upande wa Lunga Lunga, si mbali na Mrima. Tuna wadi ya Dzombo. Tuna akina Dzombo katika karibu kila daftari la mahudhurio. Sisemi kwamba mwandishi aliutoa mlima wetu akautia kitabuni, maana jina hili ni la Wamijikenda wote. Ninachosema ni kwamba katika riwaya zote nilizopata kusoma, sikuwahi kumkuta shujaa anayeitwa kama jirani yangu. Wahusika wengi wa vitabuni huitwa majina ambayo hata mwandishi mwenyewe hana mjomba anayeitwa hivyo.

Msione ni jambo dogo. Hapa shuleni mtu akitoa sauti ya "dz" au "ts" katika mazungumzo, wenzake humcheka eti ameleta Kidigo au Kiduruma kwenye Kiswahili. Wengine wetu tumefika mahali pa kuandika majina yetu vibaya makusudi ili yaonekane laini. Mkangi alikuwa msomi mkubwa, na angeweza kumwita shujaa wake jina lolote la kupendeza wachapishaji. Alimwita Dzombo, akampandisha angani kwa jina lake hilo hilo, na Kiswahili hakikuharibika. Kama lugha ya Kiswahili ilimpokea Dzombo mwaka wa 1995, mbona darasa letu limkatae leo?

Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya jina. Kitabu kinachosema "wale ni sisi" kilitoka mwaka wa 1995. Agosti ya 1997, miaka miwili tu baadaye, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, na fujo zikaenea huku Kusini mwa Pwani. Waliolengwa zaidi ni majirani waliotoka bara. Wazazi wetu wanakumbuka. Wapo walioficha jirani chini ya kitanda, na wapo waliotazama jirani akifungasha virago bila kusema neno. Siku hizo neno "wale" lilikuwa neno la hatari. Wale wametuchukulia ardhi. Wale warudi kwao. Baadaye nao vijana wa hapa wakaitwa "wale" walipokuwa wakikamatwa ovyo kwenye misako.

Sidai kwamba riwaya moja ingezuia panga, la hasha! Panga halisomi. Tena malalamiko ya ardhi yalikuwa ya kweli na bado ni ya kweli. Wako watu katika kaunti hii wanaolima shamba la babu yao huku karatasi ikiwa na jina la mtu wasiyemjua. Mkangi aliyajua hayo kuliko wengi. Ndiyo maana nasema alistahili kusikilizwa. Mtu mwenye uchungu wa ardhi yake, aliyefungwa na serikali yake, angeweza kuandika kitabu cha kutaja adui na kumwekea alama. Yeye aliandika kitabu kinachosema kwamba anayenyonywa hapa na anayenyonywa kule ni mmoja. Katika dawati langu nimekaa na mwenzangu ambaye wazazi wake wametoka bara, na mimi ni wa Msambweni. Kitabu hiki ni chetu sote wawili.

Sasa, kwa nini amesahaulika? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni mtihani. Tusidanganyane. Mwanafunzi wa leo akiona kitabu, swali la kwanza ni, "Kinatahiniwa?" Kwa sasa tuna Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo. Ni vitabu vyema, sivikatai, na karatasi ya tatu lazima ipitwe. Lakini tumezoea kusoma vitabu hivyo kwa miongozo, mpaka kuna mtu anajua maudhui kumi ya riwaya na hajawahi kuifungua riwaya yenyewe. Katika hali hiyo, kitabu kisichotahiniwa kina nafasi gani? Kimekufa kabla hakijazikwa.

Ya pili ni upatikanaji. Nenda dukani Ukunda uulizie Walenisi, muuzaji atakuuliza kama ni dawa. Maduka yetu ya vitabu huuza kile ambacho shule zimeagiza, na shule huagiza kile kilicho kwenye orodha. Nakala niliyosoma ni ya mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Jalada limetoka na kurasa zimekuwa rangi ya chai ya rangi. Alinipa kwa masharti: nisikunje kurasa, nisikiweke karibu na kibatari, na nikimaliza nimweleze nimeelewa nini. Hilo sharti la tatu ndilo lililonitoa jasho.

Ya tatu ni siasa. Mtu aliyewahi kuitwa adui wa serikali hubaki na harufu hiyo hata serikali ikibadilika. Lakini hapa pana kitu cha kushangaza. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliwekwa kizuizini, mwaka wa 1977 hadi 1978, na alipofariki Mei 2025 dunia nzima ilitangaza. Ilikuwa haki yake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na diwani yake Sauti ya Dhiki bado inatajwa vyuoni. Alamin Mazrui aliyeandika tamthilia ya Kilio cha Haki naye aliwekwa kizuizini mwaka wa 1982. Kumbe Pwani ina safu nzima ya waandishi waliolala jela! Ila sisi tunaokaa hapa ndio wa mwisho kujua. Wanafunzi wa vyuo vikuu huandika tasnifu kuhusu Walenisi, na mwanafunzi anayekaa chini ya mlima Dzombo hajui kama kitabu kipo.

Zipo hoja za kunipinga, nami nimezisikia kwa masikio yangu chamani.

Wa kwanza alisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kingekuwa kizuri kingejulikana." Mwenzangu, methali hiyo ni ya samaki na maembe. Embe lina harufu, mpita njia atalifuata. Kitabu kilichofungwa hakina harufu. Hata hivyo vya kutahiniwa havijiuzi, kwani kuna watu walikaa ofisini wakavichagua. Kitabu hujulikana kwa sababu fulani alimwambia fulani.

Wa pili alisema, na huyu alisema kwa ukali, "Huo ni ukabila. Unamsifu kwa kuwa ni Mmijikenda." Nimelifikiria sana hili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani karibu na Tanga, mwendo mfupi tu kutoka Vanga yetu. Mbona hatuambiwi ni ukabila kumsoma? Waingereza nao wana Thomas Hardy, ambaye riwaya zake nyingi ziko katika vijiji vya kwao Dorset, na bado husomwa hata huku Afrika. Mwandishi huanza mahali. Hakuna anayezaliwa hewani. Ukabila ungekuwa kusema asomwe na sisi peke yetu, au wengine wasisomwe. Mimi nasema asomwe na kila mtu, ila sisi tuanze, kwa kuwa mlango wa nyumba yake uko upande wetu.

Wa tatu alisema kitabu ni kigumu na kina siasa. Kweli, si kitabu chepesi. Kuna mahali mwandishi anahubiri zaidi ya kusimulia. Wahusika wanakaa kujadili jinsi jamii inavyopaswa kuwa, na wewe msomaji unatamani chombo kiruke tena. Nakiri nilipitia baadhi ya kurasa hizo nikipiga miayo. Na si kila jibu lake nalikubali. Nchi yenye usawa namna ile haikai vizuri kichwani mwangu, kwa sababu nikiwatazama binadamu ninaowajua, hata katika foleni ya maharagwe ya saa saba, sioni Walenisi. Lakini kitabu kizuri si lazima kikuridhishe. Kile kilichonifanya nibishane nacho njia nzima, tangu shuleni hadi nyumbani, kimenifunza zaidi ya kile nilichokariri. Na kuhusu siasa, je, kuna riwaya gani ya kutahiniwa isiyo na siasa? Toa viongozi wabaya katika fasihi yetu uone utabaki na kurasa ngapi.

Basi tufanye nini? Kulalamika ni kazi rahisi, na kalamu ya kulalamika haiishi wino. Natoa mapendekezo ambayo hayahitaji mfadhili.

Kwanza, chama chetu kitenge rafu moja, hata sanduku la katoni tu, la waandishi wa Pwani. Hapo awemo Mkangi, na pia James Mbotela wa Freretown, ambaye Uhuru wa Watumwa chake kilitoka mwaka wa 1934 na wengi hukihesabu miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za Kiswahili. Sisi tulio na mapango ya watumwa hapo Shimoni tuna sababu gani ya kutomjua Mbotela?

Pili, vitabu hivi vipo manyumbani. Wazazi wetu na walimu wastaafu waliovisoma miaka ya themanini na tisini wanavyo chini ya vitanda, vinaliwa na mchwa. Kila mwanachama aulize kwao wakati wa likizo. Tusiombe kupewa. Tuombe kuazimwa, na tuandike jina la mwenyewe.

Tatu, tusome kwa sauti. Sisi wanafunzi wa kutwa hatuna saa za jioni kama wenzetu wa bweni. Jua likitua, wengine wanachota maji, wengine wanauza viazi barabarani. Lakini mkutano wa chama wa kila Alhamisi una dakika arobaini. Tukizitumia dakika kumi na tano kusoma kitabu kimoja, mwaka hauishi kabla hatujakimaliza. Nakala moja yatosha shule nzima ikiwa mmoja anasoma na wengine wanasikiliza. Babu zetu walipokeaje hadithi kama si hivyo?

Nne, na hili nawaomba walimu wetu kwa heshima: siku ya fasihi, mwanafunzi akileta mfano kutoka kitabu kisichokuwa kwenye orodha, asiambiwe "hicho hakimo." Aulizwe, "Kinasema nini?" Sisi ni miongoni mwa wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Wadogo zetu wamo katika mtaala mpya unaosemekana kujali vipaji kuliko kukariri. Ingekuwa vizuri tuondoke tukiwaachia zoea moja zuri.

Najua makala haya yatasomwa na wachache. Wengi watafungua ukurasa wa vichekesho kwanza, hata mimi ndivyo nifanyavyo. Lakini ikiwa umefika hapa, nina habari njema. Yule mwalimu mstaafu amekubali kitabu chake kije chamani kwa muhula mmoja. Nitakileta Alhamisi ya kwanza baada ya kufungua shule. Masharti ni yale yale matatu. Atakayetaka kuandikisha jina aje na gazeti kuukuu, maana tutaanza kwa kukitengenezea jalada.